Sakafu, Kigae na Marumaru: Maneno ya Uso wa Nyumba na Maarifa ya Kuchagua, kwa Kuiangalia Salale na Pwani ya Rufiji

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni uso wa nyumba: sakafu tunayoikanyaga na ukuta tunaouegemea. Huenda wako wanaojiuliza mada hiyo inahusiana vipi na taaluma za Kiswahili, kwani uchaguzi wa vigae na mawe ya kupambia nyumba huonekana kuwa kazi ya fundi na ya mwenye mfuko. Jibu langu ni kwamba kazi hiyo huanza kwa maneno. Anayekwenda dukani kutafuta kitu cha kutandaza sakafuni hukitaja kabla ya kukilipia. Na asipokuwa na neno la kupambanua kitu na kitu, hupewa kilichopo.

Chukua neno marumaru. Katika kamusi neno hili ni jina la jiwe. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania, hata hivyo, marumaru (wengine hutamka malumalu) ni kigae chochote cha kung'aa, ingawa aghalabu kigae hicho ni udongo uliochomwa tanurini. Vitu hivi viwili havifanani kwa uzito, kwa ugumu, wala kwa namna vinavyopokea maji, chumvi na tindikali. Pale neno moja linapovibeba vyote, hasara humwangukia mwenye nyumba.

Hoja yangu ni hii: msamiati wa Kiswahili wa ujenzi, ukisomwa kwa makini, unatufundisha kwamba uso wa nyumba hauchaguliwi peke yake. Huchaguliwa pamoja na kilicho chini yake na kilicho nyuma yake. Maarifa hayo yamo katika maneno yenyewe, nasi wanafunzi wa lugha tunao wajibu wa kuyafasili na kuyarudisha kwa watu wanaoyahitaji. Ili kuieleza hoja hiyo nimeichagua Salale, mahali ambapo uchaguzi huo ni mgumu kuliko mahali pengi.

2.0 Salale: Nchi Isiyo na Jiwe

Salale ni kata katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ndani ya delta ya Mto Rufiji. Hapo mto hugawanyika na kuingia Bahari ya Hindi kwa vinywa kadhaa, vikiwamo Simba Uranga, Kikunya na Msala, mkabala na kisiwa cha Mafia. Wanahistoria wa vita huikumbuka delta hii kwa sababu ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha humo mwaka 1914 na kuangamizwa Julai 1915. Wanamazingira huikumbuka kwa mikoko yake, inayofunika takriban hekta 53,000, na ambayo ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliyoingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2004.

Mwanafunzi wa nyumba anayo sababu yake mwenyewe ya kuikumbuka. Ardhi ya delta ni tope na mchanga ulioletwa na mto kwa karne nyingi. Hapana mwamba wa kuchimba wala jiwe la kuchonga. Hata hivyo, delta hii ndiyo iliyoyabeba mawe ya wengine. Mikoko yake ilikatwa, ikachambuliwa kwa unene na kupewa majina: nguzo, boriti, mazio, pau na fito. Ikahesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kupakiwa majahazini. Boriti za pwani hii ziliezeka nyumba za mawe za Unguja na miji mingine ya mwambao, na zilivuka bahari hadi Oman na Kuwait. Katika Kiarabu cha Kuwait boriti hizo huitwa chandal. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939 hadi delta ya Rufiji lilipokwenda kupakia boriti, na safari hiyo akaieleza katika kitabu chake Sons of Sinbad cha mwaka 1940.

Biashara hiyo iliacha alama katika umbo la nyumba. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa juu ya nafasi pana. Kwa kawaida nafasi hiyo haizidi mita 2.5 hadi 3. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Anayeingia chumba cha namna hiyo na kustaajabia nakshi za ukutani anatazama uso ambao vipimo vyake viliamuliwa na mti ulioota topeni.

Ndani ya delta kwenyewe watu walijenga kwa walichonacho: fito, udongo na makuti. Ukuta wa namna hiyo huitwa kiambaza. Sakafu ilikuwa udongo ulioshindiliwa, na pambo lake lilikuwa mkeka wa ukindu uliotiwa rangi na kusukwa kwa michoro, ufundi ambao wanawake wa Rufiji wanaujua sana. Mkeka huo ulitimiza kazi nyingi ambazo leo hutakiwa kwa kigae: ulipamba, ulitenga mwili na unyevu wa ardhi, na ulionyesha heshima kwa mgeni. Ulikuwa na fadhila moja ya ziada, kwamba maji yalipopanda ulikunjwa na kuhamishwa.

3.0 Historia Iliyomo katika Maneno

3.1 Sakafu na saruji

Neno sakafu limetokana na Kiarabu saqf, ambalo maana yake ni dari au paa. Inakuwaje neno la juu ya kichwa likawa neno la chini ya nyayo? Jibu limo katika ujenzi wenyewe. Katika nyumba ya mawe, boriti zilipangwa juu ya kuta, juu yake vikapangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto na kushindiliwa kwa kupigwapigwa hadi ikawa ngumu. Tabaka hilo lilikuwa dari kwa aliye chini na uwanda wa kukanyaga kwa aliye juu. Lugha ikachukua upande wa anayekanyaga, na kutokana na nomino hiyo tukapata kitenzi kusakifu. Kwa hiyo, kwa asili, sakafu ni tabaka zima lenye unene, lililobebwa na kitu. Anayedhani kwamba sakafu ni ule mng'aro wa juu tu amelipunguza neno.

Saruji nayo ina safari yake. Nchini Oman, sarooj ni jina la kiungo cha kale cha ujenzi, kilichopatikana kwa kuchoma udongo, kuusaga na kuuchanganya na chokaa, na kilichotumika katika mifereji ya aflaj na katika ngome kwa sababu huganda hata penye maji. Kiswahili kimelihamishia neno hilo kwenye bidhaa ya kiwandani, ile ambayo Tanzania ilianza kuizalisha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Jina limebaki, kitu kimebadilika. Na tutaona punde kwamba mabadiliko hayo yana gharama.

3.2 Kigae na kauri

Kigae ni kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika. Gae ni kipande kikubwa. Baadaye neno likapanuka na kuitwa kigae cha kuezekea, kisha kigae cha sakafuni na ukutani. Upanuzi huu ni wa haki kabisa, kwani kigae cha dukani nacho ni udongo uliopita motoni. Jina linatueleza kitu kimetengenezwa kwa nini.

Waswahili walipamba kuta kwa vyombo vilivyochomwa karne nyingi kabla ya viwanda. Katika makaburi ya Kaole karibu na Bagamoyo, ya Kunduchi, na katika nguzo ya kaburi la Mambrui kaskazini mwa Malindi, bakuli na sahani kutoka China zilipachikwa katika lipu ya chokaa. Mahali pengi vyombo hivyo vimeng'olewa, yakabaki mashimo ya mviringo. Vyombo hivyo huitwa vya kauri, na kauri ni pia jina la simbi, yule konokono wa baharini mwenye gamba linalong'aa. Inapendeza kuona kwamba Kiitalia kilipita njia iyo hiyo: porcellana lilikuwa jina la simbi kabla ya kuwa jina la vyombo vya China. Katika kila lugha mtazamaji aliona sifa moja, yaani uso mgumu, laini na usiopenyeka. Sifa hiyo, kama nitakavyoonyesha, ndiyo hasa kipimo cha kisasa cha ubora wa kigae.

3.3 Marumaru

Marumaru limetoka Kiarabu marmar, na nyuma yake liko neno la Kiyunani. Ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa umbo na joto na mgandamizo ndani ya ardhi. Kwa kuwa hayakupatikana katika mwamba wa matumbawe wa mwambao, marumaru ilikuwa kitu cha kuletwa kutoka mbali, na kwa hiyo ikawa alama ya fahari. Bila shaka fahari hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini muuzaji wa leo hupenda kukiita kigae marumaru.

4.0 Uso na Kilicho Nyuma Yake

Methali yetu husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mafundi wa zamani walifuata maana hiyo kwa vitendo. Katika nyumba ya mawe ya Lamu pambo liliongezeka kadiri mtu alivyoingia ndani, kutoka daka na kiwanda, kupita misana, hadi ndani kabisa, ambako ukuta ulijaa zidaka. Nakshi zile zilikatwa katika lipu ya chokaa. Weupe wake ulirudisha mwanga katika chumba chembamba, na zidaka zikapunguza uzito wa ukuta machoni. Pambo lilikuwa na kazi.

Aidha, kila tabaka lilikuwa na kitenzi chake. Kwenye kiambaza mtu hukandika kwanza, kisha husiriba. Kwenye ukuta wa mawe hutomea, yaani hujaza mianya kwa vijiwe na chokaa. Kisha hupiga lipu. Mwisho hupaka niru, chokaa laini nyeupe. Mpangilio wa vitenzi hivi ni mpangilio wa kazi, na anayeruka kimoja huona matokeo yake ukutani.

Tabaka zile zilikuwa na tabia moja: zilikunywa maji na kuyatoa. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu wa ardhi pamoja na chumvi ya bahari, na lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke. Ukuta huohuo ukipigwa lipu ya saruji ya kiwandani, au ukibandikwa vigae visivyopenyeka, maji hukosa njia. Hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya uso mpya, na baada ya misimu michache lipu hububujika na kuanguka na kipande cha jiwe. Hili ni tatizo linalofahamika sana kwa wahifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001. Hapa ndipo gharama ya lile jina lililobaki huku kitu kikibadilika inapojitokeza: fundi anayeambiwa "ziba kwa saruji" hana habari kwamba saruji ya nyumba ile haikuwa hii.

5.0 Kuchagua Leo katika Delta

Turudi Salale. Katika miaka ya 2010 viwanda vya vigae vilijengwa Mkuranga na Chalinze, katika mkoa uleule wa Pwani. Mkuranga iko kwenye barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Kibiti, kwa hiyo kigae ambacho zamani kilivuka bahari sasa husafiri kwa lori na kumalizia safari kwa mashua. Nyumba za matofali ya saruji nazo zinaingia mahali pa viambaza. Mwenye nyumba anayetaka kuipamba anapaswa kujibu maswali manne.

Swali la kwanza linahusu ardhi. Udongo wa delta huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Maji ya chumvi hayako mbali. Na mafuriko yapo, kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti. Kigae hakipindiki. Sakafu ikititia hata kidogo, kigae hupasuka au huachia. Kwa hiyo fedha ya mwanzo ni ya msingi ulioinuliwa, kifusi kilichoshindiliwa vizuri, karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu, na zege lililochanganywa kwa maji baridi na mchanga usio na chumvi. Mchanga wa kijito kinachoingiliwa na bahari huleta ile chumvi inayotokeza juu kama unga. Penye shaka, sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa ni chaguo la busara kuliko kigae: ikipata ufa huzibwa mahali pake, na mafuriko yakipita huoshwa.

Swali la pili ni kigae kinakunywa maji kiasi gani. Kwa viwango vya kimataifa, kigae cha kauri hasa hufyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Kigae cha ukutani huweza kufyonza zaidi ya asilimia 10. Hiki cha pili ni chepesi na hukatika kwa urahisi. Kikiwekwa sakafuni penye unyevu hakidumu. Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Geuza kigae, dondosha maji mgongoni mwake, kisha ngoja. Tone likinywewa upesi, hicho ni cha ukutani, hata muuzaji akiiita marumaru.

Swali la tatu ni jiwe gani linafaa wapi. Marumaru ya kweli ni laini: katika kipimo cha ugumu cha Mohs hupata takriban 3, ilhali chembe za mchanga mweupe wa mtoni hupata 7. Katika nyumba ambamo watu huingia na mchanga nyayoni, mng'aro wake hupotea mapema. Zaidi ya hayo, marumaru huliwa na tindikali. Jiko la pwani halikosi ndimu, siki na ukwaju. Tone moja likiachwa juu ya marumaru huacha doa lisilong'aa. Itale, jiwe gumu la chembechembe, haidhuriki kwa ndimu na hufaa zaidi kwa meza ya jikoni. Marumaru ikae ukutani, au katika chumba cha mapumziko wanakovua viatu.

Swali la nne ni la usalama. Kigae kinachong'aa sana huteleza kikilowa. Barazani, bafuni na mahali pa kutawadhia pachaguliwe kigae kidogo chenye uso wa kukwaruza, kwani mianya mingi baina ya vigae vidogo husaidia nyayo kushika. Wazee na wajawazito ndio wanaolipa gharama ya uzuri uliochaguliwa kwa jicho peke yake.

Na anayeishi katika kiambaza je? Asibandike kigae juu ya udongo. Ukuta wa fito hucheza, kigae hakichezi. Kukandika vizuri, kusiriba, na kupaka chokaa kila mwaka huupa ukuta huo uso mweupe, safi na unaopumua. Umaskini haumo katika chaguo hilo. Limo pale mtu anapouza mavuno ya msimu mzima ili kununua uso utakaoanguka.

Kazi ikishakamilika, mwenye nyumba agonge kila kigae kwa sarafu. Kinacholia kwa mvumo kina pengo chini yake, na kirudiwe kabla fundi hajalipwa.

6.0 Wajibu wa Wanataaluma

Maelezo yaliyo juu ya maboksi ya vigae aghalabu huandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Anayesoma Kiswahili pekee huachwa na picha na bei. Napendekeza mambo matatu kwa wanaleksikografia na kwa vyombo vyetu vya lugha, likiwamo Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa mwaka 1967.

Kwanza, kamusi zitenganishe kwa uwazi marumaru ambayo ni jiwe, kigae ambacho ni udongo uliochomwa, na kigae cha kauri kisichonywa maji, huku zikikiri kwamba mtaani marumaru limekwisha kupanuka. Hatuwezi kuwakataza wasemaji, lakini tunaweza kuwapa njia ya kuuliza: "Ni marumaru ya jiwe au ya udongo?"

Pili, istilahi zitafutwe kwa mafundi kabla ya kuundwa vyumbani. Kitenzi kunywa, katika "ukuta unakunywa maji", kinatosha kabisa kueleza ufyonzaji, na kila mtu anakielewa. Mfano bora zaidi ni jamvi. Mafundi wa Tanzania huliita tabaka la zege la sakafuni jamvi, nao husema "kumwaga jamvi". Wamelichukua neno la mkeka wa kutandika ardhini wakalipa zege, bila kikao wala kamati. Maana ya kale ya kumtenga mtu na ardhi imehifadhiwa humo.

Tatu, vitenzi kama kutomea, kusiriba na kusakifu vikusanywe pamoja na maelezo ya kazi vinavyoitaja, wakati ambapo wazee wanaoifanya wangali hai. Kitenzi cha ufundi kikiingizwa kamusini kwa fasili ya maneno mawili huwa kimehifadhiwa nusu.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba sakafu ni neno la tabaka, kigae ni neno la moto na udongo, marumaru ni neno la jiwe, na jamvi ni neno la kinga. Anayeyajua maneno haya kwa maana zake anazo tayari nusu ya hoja za kumsaidia kuchagua. Delta ya Rufiji ilitoa boriti zilizobeba sakafu za miji ambayo watu wa Salale wengi hawakuifikia. Ni haki yao kwamba leo, wanapotaka kupamba nyumba zao wenyewe, lugha yao iwaambie bila kuficha kile wanachokinunua, mahali kinapofaa, na kilicho lazima kiwepo chini yake.